Wino wa Kwenye Kucha

Miaka ya mwanzo ya 1980 nilikuwa katibu wa klabu ya historia katika chuo kidogo cha ualimu mikoani. Msomaji asidhani kuwa katibu huyo alikuwa na meza. Kazi yangu ilikuwa kupiga stensili kwa taipu iliyokatika herufi "h", kisha kuzichora hizo "h" moja moja kwa ncha ya msumari. Fikiria adha ya taipu ya namna hiyo kwa klabu ya historia! Baada ya hapo nilizungusha mkono wa mashine ya kudurufu mpaka bega likafa ganzi, nikapanga kurasa juu ya vitanda vya bweni. Wino uliingia chini ya kucha na haukutoka kwa sabuni ya mche wala kwa mchanga. Mwenyekiti wetu, ambaye ndiye aliyehutubia, alikuwa na mikono safi daima.

Nimekumbuka kucha zangu niliposoma kitabu ambacho Karim Hirji alikihariri, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2010, kuhusu jarida la wanafunzi wa Mlimani lililoitwa Cheche. Habari za wanafunzi wale nilikuwa nikizisikia tangu zamani, lakini nilizisikia kwa upande wa wenyeviti.

Chuo chenyewe kilianza kidogo sana. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, ambalo lingewaacha kwa muda na asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400, wa chuo hicho na wa vyuo vingine. Mwezi Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Msomi akawa mtu wa kuulizwa: wewe uko upande gani?

Jibu la baadhi ya wanafunzi lilikuwa klabu. Mwaka huohuo wa 1967 walianzisha USARF, umoja wa kimapinduzi wa wanafunzi wa Kiafrika, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. John Garang wa Sudan naye alipita hapo. Ndiyo maana klabu hii hutajwa hata na watu wasiojua chuo kiko wapi: ilitoa rais mmoja na kiongozi mmoja wa vita vya ukombozi. Sikatai. Lakini mimi niliyewahi kuwa katibu nauliza, stensili alipiga nani?

Walikuwa na madarasa ya itikadi kila Jumapili. Hayakuwa na mtihani wala cheti. Walimu kama Walter Rodney walikuja kuzungumza, na wanafunzi walisoma vitabu ambavyo havikuwamo katika mtaala, wakabishana. Mwanafunzi anayeamka Jumapili kwenda kusoma kitu kisichompa hata alama moja, huyo ameshatoka mikononi mwa shule, kwa heri au kwa shari. Mwezi Novemba 1968 waliivuruga sikukuu ambayo wenzao walivaa matambara na kuzunguka mjini kuchangisha fedha za maskini. Waliona ni kumdhihaki maskini kwa nguo zake mwenyewe. Kwa hili mimi niko pamoja nao, ingawa najua wapo waliokuwa wakichangisha kwa moyo mweupe.

Cheche lilianza Novemba 1969. Wahariri walikuwa wanafunzi: Hirji, aliyekuwa akisoma hisabati, Henry Mapolu, na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha. Jina lilikuwa la Kiswahili, lakini makala nyingi zilikuwa za Kiingereza, jambo ambalo huwa linanichekesha kidogo kwa watu waliosimama na wakulima. Hata hivyo lilisomwa. Septemba 1970 toleo zima lilibeba makala ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini. Wanafunzi walikuwa wamegeuza kurunzi kutoka kwa mabeberu wa mbali na kuwamulika wakubwa wa nyumbani.

Novemba 1970 ikaja amri: USARF ivunjwe, Cheche lisitoke tena. Ilielezwa kuwa Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha, na kwamba jina la jarida lilitoa harufu ya itikadi ya kigeni, kwa kuwa Lenin na Nkrumah nao walikuwa na magazeti yenye maana hiyohiyo. Mwaka 1971 likatokea MajiMaji, chini ya vijana wa TANU. Hilo jina hakuna aliyeweza kusema limetoka nje.

Nikirudi kwa klabu yetu, sisi hatukumgusa Lenin. Katika toleo la tatu tuliandika juu ya maharage ya bwalo: yalinunuliwa kwa bei gani, na wadudu walikuwamo wangapi. Niliitwa ofisini. "Kijana, lete karatasi zote." Nilisema, "Ndiyo, Mkuu," nikaenda kuleta. Nilipeleka matoleo yote matatu, stensili zilizotumika na daftari la mihutasari. Nilipeleka hata nakala zangu mwenyewe zilizokuwa chini ya godoro, ambazo hakuna mtu aliyejua kuwa zipo. Zilichomwa nyuma ya jiko lile lile la maharage.

Miaka michache iliyopita nilikutana na mwenyekiti wetu msibani. Ameshastaafu, nywele zote nyeupe. Tulikaa kwenye mkeka, tukanywa chai ya mkandaa, na nikamweleza kuhusu kitabu cha akina Hirji, jinsi walivyoweza kukumbuka toleo kwa toleo.

Alinisikiliza, kisha akauliza, "Katibu, hata moja hukuficha?"

Nilimwambia nilikuwa nazo nne.