Ngome ya Mombasa

Ngome ya Yesu iko katika kisiwa cha Mombasa, penye mlango wa kuingilia Bandari ya Kale.

Wareno walianza kuijenga tarehe 11 Aprili 1593. Aliyeichorea ramani ni Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano katika Italia. Sababu ya kuijenga ilikuwa hofu: miaka michache nyuma Waturuki, wakiongozwa na Mir Ali Bey, walikuwa wamefika Mombasa kwa merikebu zao, nao Wareno wakaogopa kunyang'anywa njia ya Bara Hindi.

Mafundi walichagua mwamba wa matumbawe ulio juu ya bahari. Sehemu ya chini ya kuta waliichonga katika mwamba wenyewe, na juu yake wakajenga kwa mawe na chokaa. Upande wa nchi kavu wakachimba handaki. Katika pembe wakatokeza buruji nne, ili mizinga ya kila buruji iulinde ukuta wa jirani yake, adui asipate mahali pa kujificha.

Basi, je, kuta hizo zilitosha? La. Mwezi wa Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na Wareno wenyewe, aliingia kama rafiki akamwua jemadari wao mle ndani. Tena mwezi wa Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira. Mizinga haikuwamaliza watu wa ngome. Maradhi ndiyo yaliyowamaliza. Mwaka 1697, Wareno walipokwisha kufa karibu wote, aliyeishika ngome ni Bwana Daud wa Faza, Mswahili, pamoja na jamaa zake na watu wachache wa pwani, hata msaada ukafika. Ikatwaliwa tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi 33.

Tangu mwaka 1960 ngome hiyo ni nyumba ya makumbusho, na wageni huzistaajabia kuta zake. Ni haki kuzistaajabia. Lakini sisi tunaosoma habari za kale tusisahau kwamba Cairati alijenga kwa mawe, na mawe hayana mikono ya kujilinda. Yalipoachwa peke yake, waliosimama juu yake ni wana wa pwani hii. Tukiwafundisha watoto jina la fundi, tuwafundishe na jina la Bwana Daud.