Kufunga Mkanda: Tanzania na Nakisi ya Biashara, 1973–1986

Nakisi ya biashara ya Tanzania haikuanza na vita vya Kagera, ingawa kwa watu wengi kumbukumbu za mambo hayo mawili haziachani. Dalili zilionekana tangu mkonge ulipoporomoka. Zao hilo, lililoletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, lilikuwa nguzo ya mauzo ya nje wakati wa uhuru. Kamba za plastiki zilipoenea duniani, bei yake ikashuka, na mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakamezwa na magugu. Kisha katika 1973 na 1974 bei ya mafuta ilipanda karibu mara nne, na ukame ukailazimisha nchi kuagiza nafaka kwa wingi. Unga wa njano uliokuja wakati huo watu waliuita unga wa Yanga.

Kahawa ndiyo iliyoleta nafuu, tena ya muda mfupi. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Bei ikapaa hadi mwaka 1977 na akiba ya fedha za kigeni ikanenepa. Mwaka 1978 masharti ya kuagiza bidhaa yakalegezwa, na akiba ile ikayeyuka kwa kasi. Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavamia Kagera. Inakadiriwa kuwa vita viligharimu dola milioni 500, na vilipokwisha mafuta yalikuwa yamepanda tena. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18.

Miezi ile ilikwisha na mkanda haukulegezwa. Dukani sabuni, sukari, khanga na betri viliadimika. Wapo waliofulia majani ya mpapai. Foleni iliweza kupangwa alfajiri kwa sababu tu lori limeonekana jioni iliyotangulia, na aliyechelewa alirudi na kapu tupu.

Mjadala uliotawala kipindi hicho ulihusu thamani ya shilingi. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka ishushwe, ruzuku zipunguzwe na matumizi ya serikali yabanwe. Edwin Mtei, waziri wa fedha, aliona hapakuwa na njia nyingine ila kukubaliana na Shirika; mwaka 1979 alijiuzulu. Nyerere aliyakataa masharti hayo hadharani, akihoji ni nani aliyelipatia Shirika hilo mamlaka ya kuzipangia nchi maskini siasa zao. Mkataba uliotiwa saini mwaka 1980 ulikwama mapema. Waliopinga kushusha shilingi walikuwa na hoja yenye uzito: kahawa na pamba huuzwa nje kwa bei isiyopangwa Dar es Salaam, na dawa, vipuri na mafuta vingekuwa ghali zaidi kwa mtu wa kawaida. Waliounga mkono walijibu kwamba mlanguzi alikwisha kuishusha shilingi zamani, na aliyefaidi tofauti ya bei ni yeye.

Pande zote mbili zilimtazama mkulima kwa mbali mno, na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, mazao yakawekwa chini ya mamlaka za serikali zilizojaa gharama, na fungu lililobaki kwa mkulima likazidi kusinyaa. Malipo yalichelewa, na hata yalipofika hapakuwa na jembe wala kitenge cha kununua. Mtu wa hivyo hana sababu ya kupalilia mibuni. Wengine waling'oa, wengine wakapanda mahindi katikati, na waliokuwa karibu na mpaka walivusha magunia usiku kuelekea Kenya, ingawa mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977. Kila gunia lililovuka lilipunguza mauzo rasmi ya nje, na mauzo yalipopungua bidhaa za dukani zikaadimika zaidi.

Mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliwasaka waliotajwa kuwa wahujumu uchumi. Bidhaa nyingi zilizofichwa zilitolewa nje, lakini msako haukuongeza hata kilo moja ya pamba. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na bajeti ya 1984: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Maduka yakaanza kujaa. Bidhaa zile zilimpa mkulima sababu ya kuuza, jambo ambalo hotuba nyingi hazikuweza kulifanya.

Ali Hassan Mwinyi alichukua urais Novemba 1985. Wakati huo mapato ya mauzo ya nje hayakufikia nusu ya gharama ya bidhaa zilizoagizwa. Juni 1986 dola iliyokuwa takriban shilingi 17 ikawa shilingi 40, na kabla ya mwaka kwisha ikapita 50. Agosti makubaliano na Shirika la Fedha yakatiwa saini. Misaada na mikopo ilirudi, pamba ikaongezeka, viwanda vikapata vipuri. Nakisi yenyewe haikuondoka: fedha za wafadhili zilizoingia ziliagiza bidhaa nyingi kuliko zilizouzwa nje, na hali hiyo iliendelea hata dhahabu ya Nzega na Geita ilipoanza kuchimbwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000.