Sifa, Lami na Mafuta ya Kondoo

Bisibisi ya fundi iliingia kwenye chesisi kama inavyoingia kwenye muhogo uliochemka. Pikapu nilikuwa nimeinunua miezi saba kabla, imeshuka bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani, na chini yake ilikuwa nyeusi tititi, imepakwa lami nzito yenye mpira, inang'aa. Siku ya kununua niliinama nikauona weusi ule, nikasema moyoni kwamba gari hili lilikuwa mikononi mwa mtu makini. Fundi wangu wa Tanga hakuangalia weusi. Aligonga kwa mpini, akasikiliza, akasogea kiganja kimoja, akagonga tena. Kisha akaigeuza bisibisi na kusukuma ncha. Lami ilipasuka. Ndani yake hapakuwa na chuma, palikuwa na maganda mekundu, tabaka juu ya tabaka, na maji.

"Mwalimu," aliniambia, "hapa wamefunika. Hawakutibu."

Maneno hayo mawili, kufunika na kutibu, yamenikaa kichwani tangu siku ile, kwa sababu niliyajua kabla sijawahi kumiliki gari. Mjomba wangu alikuwa na mashua Kigombe. Kila baada ya miezi kadhaa alisubiri bamvua, maji yakijaa sana akaipandisha juu, yakipwa mashua ikabaki imelala ubavu mchangani. Hapo kazi ilianza kwa haraka, maana bahari haingojei. Kwanza walikwangua chaza na mwani. Kisha walipitisha moto wa makuti makavu chini ya mbao ili kuwaua funza wa baharini wanaozitoboa. Walikagua kalafati mstari kwa mstari, na palipolegea walichokonoa pamba kuukuu na kugongomea mpya. Mwisho kabisa ndipo ikaja deheni, yaani chokaa iliyokandwa na shahamu ya mnyama, wakaipaka kwa viganja sehemu yote inayokaa majini. Ndani na juu walipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake haitoki nguoni kwa sabuni ya aina yoyote.

Tazama mpangilio wa kazi ile. Kupaka kulikuwa hatua ya mwisho na fupi kuliko zote. Muda mwingi ulikwenda katika kukwangua, kuchoma na kukagua. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliyedhani kwamba deheni ile itadumu. Ilipakwa ikijulikana kwamba bahari itaila, na kwamba watarudi.

Mtu atasema mbao si chuma. Ni kweli, lakini jahazi lina chuma kingi. Mtepe wa zamani ulishonwa kwa kamba za nazi, haukuwa na msumari hata mmoja. Jahazi lililokuja baadaye limefungwa kwa misumari mirefu ya chuma, na chuma hicho kinaishi katika maji ya chumvi maisha yake yote. Waunda majahazi walilijua hilo. Kabla ya kupigilia msumari waliuzungushia uzi wa pamba uliochovywa mafuta, ukaingia ndani ya ubao pamoja na pamba yake. Kutu inahitaji maji na oksijeni, na chumvi huiharakisha kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo unaokula chuma vizuri kuliko maji matamu yanavyoweza. Pamba yenye mafuta inazuia vyote vitatu. Anayetaka kujua ni lini watu wa pwani walianza kulinda chuma dhidi ya kutu asianzie gerejini, aanzie kwenye mchanga wa Pangani na Lamu.

Sasa twende kwenye baridi, ambako kupaka magari chini kumekuwa biashara kubwa. Amerika Kaskazini ilianza kumwaga chumvi barabarani kwa wingi katika miaka ya 1940, kwa kuwa chumvi hushusha kiwango ambacho maji huganda. Chumvi yenyewe ipo tele chini ya ardhi yao. Chini ya jiji la Detroit, jiji la magari, kuna mgodi wa chumvi. Kule Goderich, Ontario, uko mgodi mkubwa kuliko yote ya chumvi ya chini ya ardhi duniani, umechimbwa zaidi ya mita 500 kwenda chini na kuingia chini ya Ziwa Huron. Kwa hiyo kila majira ya baridi magari ya nchi kavu, yaliyo mbali na bahari kwa mamia ya kilomita, huogeshwa maji ya bahari. Jambo la ajabu ni kwamba gari linalolazwa katika gereji yenye joto huliwa haraka kuliko linalolala nje kwenye barafu, kwa sababu ndani theluji yenye chumvi huyeyuka na kufanya kazi usiku kucha.

Hapo zilizaliwa njia mbili, na tofauti yake ni ile ile ya fundi wangu. Njia ya kwanza ni ya kifuniko: lami au mpira mzito unaopulizwa chini ya gari ukakauka ukawa ngozi. Wauzaji wa magari waliipenda mno. Inaonekana, inapunguza kelele za kokoto, na inaweza kuuzwa siku moja kwa ahadi ya miaka mingi. Sisemi haina kazi. Ikipakwa juu ya chuma kipya, safi na kikavu, inakinga mawe vizuri. Lakini ngozi hiyo huzeeka. Hupata ufa mwembamba kama unywele, maji ya chumvi yakaingia kupitia ufa huo, na yakishaingia hayana pa kutokea. Kutu nayo inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inaisukuma ngozi kutoka ndani, ufa ukapanuka, maji yakaongezeka. Juu bado kunang'aa.

Njia ya pili haina sura ya kuuzia. Ontario na Quebec ziko gereji ambazo kila mwaka hupuliza mafuta mepesi ndani ya milango, ndani ya vizingiti na ndani ya chesisi. Hutoboa vijitundu, wakaingiza mrija mrefu wenye kichwa cha kupuliza, kisha wakaviziba kwa vizibo vya plastiki. Kuingia ndani ya bodi kwa mrija kulienezwa tangu 1959 na kampuni ya Ziebart ya Detroit, iliyobeba jina la Kurt Ziebart, fundi aliyetoka Ujerumani. Hao wa Ontario walichoongeza ni kukataa kitu kinachokauka. Mafuta yao hubaki mafuta. Hutambaa ndani ya maungio ya mabati, mahali ambapo brashi haifiki, na huweza kupenya hata kutu iliyokwisha kuota na kuyasukuma maji nje. Gari hudondosha mafuta siku moja au mbili na kuchafua uwanja wa nyumba. Mwaka unaofuata mwenye gari anarudi, kwa kuwa mengi yameoshwa na barabara.

Huyo ni mjomba wangu wa Kigombe na sifa yake, aliyevaa koti zito.

Skandinavia iko kati ya njia hizo mbili, na historia yake ndiyo inayonivutia kuliko zote. Watu wa kule walikuwa na deheni yao: lami ya msonobari, inayopatikana kwa kuchoma polepole mizizi na visiki vya mti huo katika tanuri la udongo. Mwaka 1648 ilianzishwa kampuni ya kuiuza kupitia Stockholm, na kwa vizazi vingi majeshi ya majini ya Ulaya yalipaka merikebu na kamba zao lami hiyo. Norway ina makanisa ya mbao yaliyosimama tangu karne ya 12, kama lile la Borgund, na yamesimama kwa sababu kila kizazi kilipanda na ndoo ya lami na kuyapaka upya. Sasa sikiliza: Uswidi kuna kampuni iitwayo Auson, iliyoanzishwa 1928, ambayo inauza lami ya msonobari kwa ajili ya mashua na mapaa, na inauza pia Mercasol, dawa ya kulinda magari dhidi ya kutu. Ghala moja, chombo cha baharini upande huu na gari upande ule. Hawakuukata uzi. Dawa yao hupulizwa katika hatua mbili, nta nyepesi inayopenya ndani ya mashimo ya bodi, na nyingine nzito kwa ajili ya chini, na mwenye gari anategemewa kurudi baada ya miaka michache ili ikaguliwe.

Shahamu nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili, kampuni moja ya Marekani ilitengeneza kinga ya matangi ya maji ndani ya manowari kutokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Dawa hiyo, Fluid Film, leo hupulizwa chini ya pikapu nyingi kila vuli. Hubaki laini, haimdhuru mpakaji, na hunuka kondoo. Pwani yetu iliyeyusha shahamu ikaitia chokaa; wao wakachukua mafuta ya ngozi ya kondoo wakayatia kwenye bunduki ya kupulizia. Sidai kwamba mmoja alijifunza kwa mwingine. Ninachodai ni kwamba mafuta ya mnyama hung'ang'ania chuma na mbao na kuyakataa maji, na kila aliyeishi na chumvi kwa muda wa kutosha alikuja kuligundua hilo.

Kwa nini basi pikapu yangu ilikuwa imeoza, na Japani ni nchi ya watu nadhifu? Jibu lake ni safu ya mambo mema. Kaskazini mwa Japani, Hokkaido na Tohoku, watu walikuwa wakiendesha kwa matairi yenye misumari wakati wa theluji. Misumari ile ilisaga lami ya barabara ikawa vumbi linaloumiza mapafu, na wakazi wa miji kama Sendai wakalalamika, kwa haki kabisa. Sheria ya mwaka 1990 ikazuia matairi hayo. Hewa ikasafika, barabara zikawa na utelezi mbaya zaidi, na chumvi ikaongezwa. Sehemu ya chumvi hiyo ni kloridi ya kalsiamu, yenye tabia ya kunyonya unyevu hata katika hewa kavu. Chumvi yetu ya mezani hungoja unyevu wa hewa ufike kama asilimia 75 ndipo ianze kulowa, kama tunavyoona ikigandamana koponi wakati wa masika. Chesisi iliyokaa Hokkaido miaka minane ikashushwa Dar, Tanga au Mombasa imebeba chumvi ya barafu na kuifikisha penye joto na unyevu, na kutu hupenda vyote viwili.

Mnada wa Japani hauyafichi haya. Karatasi ya ukaguzi ina alama za herufi: S ni kutu, kutokana na neno lao sabi, na C ni kuoza kwa chuma. Mnunuzi anayeomba karatasi hiyo anaweza kuyasoma kabla ya kutuma fedha. Mimi sikuiomba. Niliangalia maili, nikaangalia viti.

Kwetu Afrika Mashariki kinga ya kawaida ni oili chafu. Ikimwagwa kutoka kwenye injini huwekwa kwenye dumu, na dereva wa lori huipaka chesisini kwa brashi au kipande cha gunia, wakati mwingine ikichanganywa na dizeli ili itambae. Wenye Land Rover za zamani waliishika sana desturi hii, kwa kuwa bodi ya gari lile tangu 1948 ni ya aluminiamu lakini mifupa yake ni chuma cha kawaida. Nadharia ya oili chafu ni sahihi: ni laini, inapenya, inarudiwa. Ubaya uko ndani ya oili yenyewe. Ina asidi iliyobaki baada ya kuungua, ina chembe za metali nzito na masizi yanayodhuru ngozi ya fundi anayelala chini yake bila glavu, inaozesha mpira wa bushi, na matone yake huishia katika udongo na visima vyetu. Tumeirithi fikra nzuri na kuitia katika chombo kichafu. Mafuta safi mepesi, grisi ya kondoo au nta vinaweza kuagizwa, na ningefurahi zaidi kuona chuo kimoja cha ufundi cha pwani kikiijaribu sifa kwenye mabati na kuandika matokeo.

Watengenezaji nao wamejaribu kumwondolea mwenye gari mzigo huu. Porsche walianza kutumia bodi ya bati lenye zinki katikati ya miaka ya 1970, na Audi wakafuata muongo uliofuata. Ni akili ile ile ya mabati ya paa zetu, ambamo zinki huliwa kwanza ili chuma kisiliwe, na yeyote mwenye nyumba karibu na bahari anajua kwamba zinki nayo huisha. Na kiwanda pia hukosea. Mwaka 2016 Toyota, bila kukiri kosa, ilikubali nchini Marekani kukagua na kubadilisha chesisi za takriban magari milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia, mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4.

Pikapu yangu haikutupwa. Fundi aliikwangua lami yote kwa siku nne, kwa patasi na brashi ya waya, hadi tukajua kilichobaki. Alikata sehemu mbili zilizooza, akachomea chuma kipya, akaosha kwa maji matamu mengi, akaiacha juani siku mbili. Kisha akaingiza mrija ndani ya chesisi na kupuliza mafuta mepesi mpaka yakaanza kutoka kwenye vitundu vya kutolea maji upande wa pili. Alitandaza vumbi la mbao chini kunasa matone. Nilipomuuliza nimpe nini zaidi ya bei, alichukua chaki akaandika namba ya gari langu ukutani, na pembeni yake: Februari, kabla ya masika.