Kliniki ya Mtaa Wako Iko Fiti ama Ni Mtego? Cheki Hizi Vitu 7 Kabla Udungwe Sindano

Saa nane usiku mtoi wa siz anachemka, na mahali pekee pako wazi ni ile kliniki ya karibu na stage. Saa hiyo hauna akili ya kuuliza maswali. Ndio maana hii kazi unafaa kuifanya leo, ukiwa mzima. Pitia hapo ukitoka job, dakika kumi tu zinatosha.

1. Leseni ukutani
Tiles safi na TV kubwa hazitibu mtu. Tafuta leseni ya kituo, uangalie kama mwaka ni wa sasa, maana leseni hufanywa upya kila mwaka. Jina la kituo na la daktari unaweza kulitafuta kwa tovuti ya baraza la madaktari, KMPDC. Ikiwa leseni imefichwa kwa droo, uliza. Wakikasirika, umeshapata jibu.

2. Nani anakushika?
Koti jeupe ni nguo tu, mtu yeyote anaweza kununua. Uliza kwa heshima: "Samahani, wewe ni daktari, afisa wa kliniki ama nesi?" Usidharau jibu. Maafisa wa kliniki wamesomea hiyo kazi na wana baraza lao, manesi vilevile. Shida ni yule msee hataki kusema jina wala kazi yake.

3. Wanafanya kazi ya size yao?
Hospitali za Kenya zimepangwa kwa Level. Zahanati na kliniki ndogo ni Level 2, health centre ni Level 3, hospitali ya kaunti ndogo ni Level 4, hadi Level 6 kama Kenyatta. Kliniki ya Level 2 ikikuambia itakufanyia operesheni kwa chumba cha nyuma, beba kiatu yako utoke.

4. Sindano na mikono
Sindano lazima itoke kwa pakiti mbele ya macho yako. Ikishatumika inaingia kwa lile boksi ngumu la kutupia sindano, haiwekwi kwa meza wala kwa dustbin ya kawaida. Cheki pia kama kuna maji na sabuni, na kama glavu zinabadilishwa kila mgonjwa.

5. "Una malaria na typhoid"
Hii ndio wimbo wa mtaa. Malaria inapimwa kwanza, kwa darubini ama kile kipimo cha haraka cha damu ya kidole, ndio upewe dawa. Kwa typhoid, kipimo cha Widal kikifanywa mara moja tu kinaweza kudanganya, kwa sababu hata ugonjwa wa zamani ama chanjo inaweza kufanya kisome positive. Kuotesha damu kwa maabara ni afadhali zaidi. Kama kila mtu kwa foleni anatoka na typhoid, shuku kipimo kwanza.

6. Dawa
Taka jina la dawa liandikwe, si "meza hizi nyeupe mbili kutwa mara tatu." Angalia tarehe ya kuexpire. Na usilazimishe antibiotiki kwa kila homa, kwa sababu haziui virusi. Daktari akikunyima, huenda anakulinda, si ubahili.

7. Wanajua kusema "imetushinda"?
Hii ndio kubwa kuliko zote. Kliniki poa inakupima joto na presha, inauliza dawa gani hukudhuru, inaandika kila kitu, na mambo ikizidi inakutuma mbele na barua. Kliniki mbaya inakuwekea drip ya tatu huku bill ikipanda. Uliza mapema: "Mgonjwa akizidiwa usiku mnampeleka wapi, na kwa gari gani?" Kama hawana jibu, panga lako.

Ukikosewa
Weka risiti, kadi na pakiti za dawa. Malalamiko yanaenda kwa baraza la huyo aliyekuhudumia ama afisi ya afya ya kaunti. Usiridhike na kurusha tu kwa TikTok. Na ujue haki zako: Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inasema hakuna mtu anafaa kunyimwa matibabu ya dharura. Ibara ya 46 inakupa haki ya huduma ya kiwango kinachofaa.

Lakini kama mtu anashindwa kupumua, amezimia, anatoa damu nyingi ama mtoto anashtuka kwa degedege, usianze kukagua leseni. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu.

Ukimaliza hiyo round yako, save namba ya kliniki moja umeiamini na ya msee mmoja wa gari. Kisha tumia mathe hizo namba, ndio mwenye atabaki na mtoi usiku ajue wa kupigia.