Kelele au Myumbo?

Katika mawasiliano ya mkongo, neno “kelele” limebebeshwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni uchafu unaoongezeka kwenye ishara njiani. La pili ni kutotulia kwa leza yenyewe inayotoa mwanga wa ishara: ndani yake, chembe za mwanga zinazochomoka ovyo husukuma fezi ya wimbi, yaani hatua ya mzunguko wake, huku na kule. Hili la pili napendekeza tuliite “myumbo wa fezi”, kwa sababu jina zuri huelekeza kwenye tiba. Anayesikia kelele hudhani dawa ni kupaza sauti, ilhali ukiikuza ishara, myumbo wake haupungui hata kidogo. Data inapobebwa na fezi 4 zilizoachana kwa digrii 90, myumbo unaozidi digrii 45 humfanya mpokezi asome alama ya jirani. Tiba ni leza iliyotulia zaidi, kisha hesabu: ishara hupandishwa kwenye kipeo cha 4, data ikafutika, myumbo ukabaki peke yake, ukapimwa na kuondolewa. Njia hiyo ilielezwa na watafiti Viterbi na Viterbi mwaka 1983.

Wapo watakaosema kelele limeshazoeleka, na kwamba istilahi mpya huongeza mzigo. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana uchafu wa njiani ubaki na jina lake. Lakini mazoea yasimnyime mwanafunzi wa uhandisi uwezo wa kutofautisha maradhi mawili yenye dawa mbili. Lugha ya sayansi hukomaa inapotenganisha vitu ambavyo maumbile yenyewe yamevitenganisha.