Toyota RAV4: Vizazi sita vya gari na vifaa vyake

TOYOTA RAV4 ni miongoni mwa magari yaliyoanzisha kundi jipya katika soko la dunia, yaani gari lililoinuka kama lile la kupita njia mbovu, lakini lililo jepesi kuendesha kama saluni. Kabla yake, magari mengi ya kuvuta kwa magurudumu manne yalijengwa juu ya chesisi ya chuma, mithili ya lori. RAV4 ilijengwa kwa bodi moja isiyotenganishwa na chesisi, na kila gurudumu likapewa mfumo wake wa kuhimili mitikisiko.

Tangu hapo gari hili limepita vizazi sita, na vifaa vyake vimebadilika pamoja nalo. Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa mnunuzi wa leo, kwa kuwa kifaa kilichokuwa pambo la kawaida katika kizazi cha kwanza kinaweza kuharibu mfumo wa usalama katika kizazi cha tano.

Chimbuko lake

Mfano wa awali ulioneshwa katika maonesho ya magari ya Tokyo mwaka 1989, na gari lenyewe likaanza kuuzwa Japani Mei 1994. Jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya gari la burudani na shughuli, linaloendeshwa kwa magurudumu manne. Lilianza na milango mitatu, likiwa na urefu wa takriban mita 3.7 na injini ya lita mbili. Lile la milango mitano lilifuata mwaka 1995.

Alama iliyolitambulisha ilikuwa tairi la akiba lililofungwa nje ya mlango wa nyuma na kufunikwa kwa kava. Mlango huo ulikuwa na bawaba upande wa kulia, hivyo katika nchi zinazoendesha kushoto, kama Japani, Kenya, Uganda na Tanzania, mtu aliyesimama ukingoni mwa barabara aliweza kupakia mizigo bila kuzuiwa. Nchini Marekani, wanakoendesha kulia, mlango huohuo ulilalamikiwa kwa sababu ulimziba mpakiaji.

Vifaa vya zama hizo vilikuwa vya kufungwa kwa bolti: keria ya juu, madigadi, taa za ukungu, ngazi za pembeni na vyuma vya kukinga bampa ya mbele. Fundi yeyote mwenye spana aliweza kuvifunga.

Ukuaji

Kizazi cha pili kilitoka mwaka 2000. Kilibakiza matoleo ya milango mitatu na mitano, na Ulaya kikapata pia injini ya dizeli. Kizazi cha tatu, kilichoanza mwishoni mwa 2005, kiliacha milango mitatu na kuwa kikubwa zaidi. Nchini Marekani kiliuzwa pia kwa injini ya lita 3.5 yenye silinda sita.

Kizazi cha nne kilizinduliwa Los Angeles Novemba 2012. Hapo tairi la akiba likahamia chini ya sakafu ya buti, na mlango wa nyuma ukawa wa kufunguka kuelekea juu. Kava la tairi, kifaa maarufu kuliko vyote, likakosa kazi. Toleo la haibridi, linalotumia petroli na umeme, lilifuata mwaka 2015.

Kizazi cha tano kilioneshwa New York Machi 2018, kikiwa na urefu wa mita 4.6, na mwaka 2020 kikapata toleo la haibridi linalochajiwa kwa umeme wa nyumbani. Cha sita kilitangazwa Mei 2025, nacho katika masoko mengi kimeacha injini ya petroli isiyosaidiwa na umeme.

Vifaa na usalama

Kepeti ni kifaa cha bei ndogo, lakini Februari 2011 Toyota iliongeza RAV4 za miaka ya 2006 hadi 2010 zilizouzwa Marekani katika orodha ya magari yaliyorejeshwa kukaguliwa, kwa hofu kwamba kepeti ingenasa pedeli ya mafuta. Kwa hiyo kepeti isiyo ya vipimo vya gari husika, au iliyowekwa juu ya nyingine, haifai upande wa dereva.

Kava za viti nazo zina hatari yake. Pale ambapo mfuko wa hewa umo ubavuni mwa kiti, kava lililoshonwa kuzunguka kiti chote linaweza kuuzuia usifunguke wakati wa ajali.

Chuma cha kukinga bampa ndicho chenye utata zaidi. Umoja wa Ulaya ulivitungia sheria vyuma hivyo mwaka 2005 ili kuwalinda waenda kwa miguu. Katika matoleo ya karibuni, rada ya breki za dharura imewekwa nyuma ya nembo ya mbele, na kamera juu ya kioo cha mbele. Chuma au taa inayoziba nembo huiziba rada hiyo, na kioo kikibadilishwa, kamera haina budi kupimwa upya.

Tahadhari kwa mnunuzi

Kizazi cha nne hakikuuzwa Japani. Huko kizazi cha tatu kiliendelea kuuzwa hadi 2016, na gari likarudi sokoni Aprili 2019 na kizazi cha tano. RAV4 za kizazi cha nne zenye usukani wa kulia ziliuzwa kwingineko, kama Uingereza na Australia. Hivyo anayeuziwa RAV4 ya mwaka 2018 kwa maelezo kwamba ilitumika Japani anapaswa kudai nyaraka kabla ya kulipa. Jambo hili ni zito hasa nchini Kenya, ambako gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likizidi umri wa miaka minane.

Kwa magari ya Japani, jibu la haraka limo kwenye kibao cha chuma ndani ya chumba cha injini. Herufi na tarakimu za mwanzo kama SXA11 ni za kizazi cha kwanza, ACA21 cha pili, ACA31 cha tatu, na MXAA54 au AXAH54, ambayo ni haibridi, cha tano. Mnunuzi wa keria, kepeti au taa aende dukani akiwa na namba hiyo, kwa kuwa jina la RAV4 peke yake halitoshi.