Conant: mkemia aliyeichuja Harvard

Kijana James Bryant Conant alimweleza Grace Richards, binti wa profesa wake aliyekuja kumwoa, kwamba ana makusudi matatu duniani. Kwanza awe bingwa wa Marekani katika kemia ya misombo ya kaboni. Kisha aongoze Chuo Kikuu cha Harvard. Kisha apate uwaziri. Mwanamume anayepanga maisha namna hiyo mara nyingi huishia kuchekwa na rika lake. Huyu alitimiza la pili akiwa na miaka 40, na la tatu hakulipata.

Alizaliwa mwaka 1893 Dorchester, kiungani mwa Boston, baba yake akiwa fundi wa mabamba ya picha za kuchapia. Haukuwa ukoo wa kuingia Harvard kwa jina. Aliingia kwa akili, na mwalimu wake wa sayansi shuleni, Newton Henry Black, ndiye aliyemtengenezea njia. Mkwewe, Theodore Richards, alikuwa Mmarekani wa kwanza kupata Nobeli ya kemia, mwaka 1914.

Kabla ya heshima yalitangulia maafa. Mwaka 1916 yeye na wenzake wawili walianzisha kiwanda cha asidi ya benzoiki, kwa kuwa vita vya Ulaya vilikuwa vimekata bidhaa za Ujerumani. Harvard ikamwita akafundishe, akaondoka. Novemba mwaka huohuo kiwanda kililipuka na mwenzake, Stanley Pennock, akafa. Miaka miwili baadaye Conant, sasa akiwa meja wa jeshi, alikuwa Willoughby, Ohio, akisimamia utengenezaji wa lewisite, sumu inayobabua ngozi na mapafu. Wafanyakazi walikiita kiwanda kile mtego wa panya, maana aliyeingia hakuruhusiwa kutoka mpaka vita viishe. Vita viliisha kabla sumu ile haijatumika. Uzeeni aliandika kwamba haoni kwa nini kumpasua mtu matumbo kwa kombora kuwe na utu kuliko kumdhuru mapafu kwa gesi. Ukishalijua hilo, mengi yaliyofuata hayakushangazi.

Miaka ya 1920 ndiyo aliyoifaidi kama mwanasayansi: muundo wa klorofili, tabia ya hemoglobini, asidi kali kuliko zilizozoeleka. Mwaka 1933 Harvard ikamchagua rais wake, cheo ambacho vyuo vyetu vingekiita makamu mkuu wa chuo. Aliyemtangulia, Lawrence Lowell, alikuwa mtu wa nasaba aliyejaribu kuweka kikomo cha idadi ya wanafunzi Wayahudi. Conant alitaka kipimo kingine. Akaanzisha ufadhili kwa vijana werevu wa majimbo ya mbali, watoto wasio na pesa wala shule za kifahari. Akamtuma msaidizi wake, Henry Chauncey, atafute mtihani wa kuwatambua, naye akarudi na ule wa SAT. Ndio uliokuja kuwa lango la vyuo vya Marekani, na tangu hapo watu hawajaacha kubishana kama unapima akili au unapima pesa za mzazi. Walimu nao aliwachuja: muda wa majaribio ukiisha, ama upewe ajira ya kudumu ama ufungashe virago.

Hapa lazima nimlaumu. Mtu aliyechukia nasaba hakuwa mkali kwa Unazi ulipobisha hodi. Mwaka 1934 Ernst Hanfstaengl, rafiki wa Hitler aliyesoma Harvard, alikuja kwenye sherehe za darasa lake akapokewa. Conant aliikataa pesa yake ya ufadhili, lakini mwaka 1936 akamtuma mjumbe kwenye jubilei ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, wakati huo kikiwa mikononi mwa Wanazi.

Vita vilipozuka tena aligeuka, akawa miongoni mwa waliohimiza mapema Uingereza isaidiwe. Kuanzia 1941 aliongoza kamati ya taifa ya utafiti wa silaha, akawa mmoja wa wakubwa wa mradi wa bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchi ya wasema Kiswahili, ingawa wachimbaji hawakuambiwa inakwenda wapi. Tarehe 31 Mei 1945, kwenye kikao cha Washington, Conant ndiye aliyependekeza kwamba shabaha inayofaa zaidi ni kiwanda muhimu cha vita kilichozungukwa na nyumba za wafanyakazi. Julai 16, jangwani New Mexico, mwanga ulipojaza mbingu alidhani kwa sekunde chache kwamba dunia nzima imeshika moto. Baada ya Hiroshima na Nagasaki hakujuta hadharani. Alichofanya ni kumsukuma Henry Stimson, aliyekuwa waziri wa vita, aandike makala ya 1947 ya kuutetea uamuzi ule. Lakini bomu la haidrojeni alilipinga mwaka 1949, akashindwa.

Kazi yake iliyodumu kwa ukimya zaidi ni somo la historia ya sayansi kwa wasiosomea sayansi. Msaidizi mmoja wa somo hilo, Thomas Kuhn, ndiye aliyetoa mwaka 1962 kitabu maarufu kuhusu mapinduzi ya sayansi, akakitabaruku kwa Conant.

Aliondoka Harvard mwaka 1953 kuiwakilisha Marekani Ujerumani Magharibi, kwanza kama kamishna mkuu, kisha balozi. Aliporudi aligeukia shule za sekondari. Mwaka 1961 alionya kwamba vijana Weusi wasio shuleni wala kazini katika mitaa duni ya miji mikubwa ni hatari inayongoja cheche, ila alisita kuunga mkono kuwasafirisha watoto kwa mabasi ili wasome pamoja na Weupe. Cheche ilifika: mtaa wa Watts, Los Angeles, uliwaka kwa ghasia Agosti 1965.